Ule mstari wa itifaki ndani ya VPN yako

Karibu kila programu ya VPN, ile inayopitisha intaneti yako kwa siri kupitia seva nyingine, ina ukurasa wa mipangilio, na ndani ya ukurasa huo kuna mstari mmoja ambao wengi hawaugusi kabisa: itifaki. Mara nyingi umewekwa otomatiki. Ukiubonyeza unakutana na majina yasiyokuambia lolote: IKEv2, OpenVPN UDP, OpenVPN TCP, WireGuard, pengine na L2TP. Watu wanarudi nyuma haraka, wanachagua nchi, wanaunganisha. Siwalaumu, maana matangazo ya VPN yanazungumzia idadi ya seva na bendera za nchi basi. Lakini mimi siku hizi nikiambiwa VPN ya mtu inasumbua, swali langu la kwanza ni itifaki gani anatumia, kabla hata ya kuuliza kampuni. Simu ya sauti inayokatika ukitoka nje ya nyumba, chaji inayoisha mapema, picha zinazogoma kufunguka huku ujumbe wa maandishi unapita, mtandao wa ofisini unaokataa VPN isiunganike: mengi ya haya chanzo chake kiko kwenye mstari ule.

Kazi ya itifaki si ngumu kuieleza. Kwanza simu yako na seva ya VPN zinatambuana na kukubaliana funguo za siri bila anayesikiliza katikati kuzipata. Kisha kila pakiti, yaani kifurushi kidogo cha data, inasimbwa na kutiwa ndani ya pakiti nyingine, kama barua ndani ya bahasha, na juu ya bahasha inaandikwa anwani ya seva ya VPN badala ya anwani ya tovuti unayokwenda. Mtoa huduma wako wa intaneti anaona bahasha tu. Itifaki zinatofautiana katika namna ya kutambuana, aina ya bahasha, na njia ambayo bahasha hizo zinapita.

Nianze na ile ambayo ningefurahi kama isingekuwepo tena. PPTP ilibuniwa miaka ya 1990 na kundi la kampuni, Microsoft ikiwemo, na maelezo yake ya kiufundi yakachapishwa mwaka 1999. Ilienea kwa sababu ilikuwa tayari ndani ya Windows: unaandika anwani ya seva, jina na nenosiri, umemaliza. Udhaifu wake ulianza kuonyeshwa mapema, mwaka 1998, na mtaalamu wa usimbaji Bruce Schneier pamoja na mwenzake anayejulikana kama Mudge. Pigo lenyewe likaja mwaka 2012, pale watafiti wa usalama Moxie Marlinspike na David Hulton walipoonyesha hadharani jinsi ya kuvunja MS-CHAPv2, utaratibu ambao PPTP inautegemea kuhakiki nenosiri.

Ukiangalia ndani, inasikitisha. Utaratibu huo unachukua heshi ya nenosiri lako, yaani alama yake iliyokokotolewa kwa hesabu, na kuikata vipande vitatu, kisha kila kipande kinatumika kama ufunguo wa DES, usimbaji wa zamani wenye biti 56. Kipande cha tatu kina baiti mbili tu za kweli, kwa hiyo kinapatikana papo hapo. Viwili vilivyobaki vinasakwa kwa mkupuo mmoja, kwa kujaribu funguo zote za DES, na mashine maalumu waliyotumia iliweza kuzimaliza zote ndani ya siku moja. Kwa hiyo urefu wa nenosiri haukusaidia kitu. Uwe umeweka herufi 8 au 80, mvunjaji ana kazi ileile. Apple iliiondoa PPTP kwenye iOS 10 na macOS Sierra mwaka 2016. Hata hivyo bado utaikuta kwenye ruta za zamani na kwenye miongozo ambayo watu wanaendelea kunakiliana, na kila ninapoiona moyo unaniuma, kwa sababu anayeitumia anaamini amelindwa.

L2TP nitaipita haraka. Yenyewe haisimbi chochote, ndiyo maana inafungwa pamoja na IPsec, mkusanyo wa kanuni za kusimba pakiti, na matokeo yake data inafungashwa mara mbili. Tatizo lililowagusa watumiaji wa kawaida ni jingine: baadhi ya kampuni za VPN zilikuwa zikitangaza kwenye tovuti zao ufunguo mmoja wa pamoja kwa wateja wote. Mtu yeyote akiwa na ufunguo huo, na akiweza kukaa katikati ya njia, anaweza kujifanya yeye ndiye seva. Mwaka 2024 Microsoft ilitangaza kwamba PPTP na L2TP zote zinaelekea kuondolewa kwenye matoleo yajayo ya Windows Server. Ilikuwa imechelewa, lakini afadhali.

OpenVPN ni habari nyingine. James Yonan aliitoa kwa mara ya kwanza mwaka 2001, na kwa miaka mingi ndiyo iliyokuwa jibu sahihi kwa yeyote aliyetaka VPN huria inayoweza kukaguliwa. Haikubuni kanuni zake za siri. Iliegemea TLS, teknolojia ileile inayolinda tovuti za benki, na imekaguliwa na watu wengi kwa muda mrefu. Naiheshimu sana kwa hilo. Gharama yake ni uzito. Kwa kawaida inafanya kazi nje ya kerneli, yaani nje ya kiini cha mfumo wa kompyuta, kwa hiyo kila pakiti inavushwa kutoka kwenye kiini kwenda kwenye programu, inasimbwa, halafu inarudishwa. Kwenye kompyuta yenye nguvu hutalihisi hilo. Kwenye ruta ndogo ya nyumbani kasi inashuka hadi mtu akadhani mtoa huduma wake ndiye mbovu. Toleo la 2.6 la mwaka 2023 lilileta uwezo wa kuihamishia kazi hiyo ndani ya kerneli, na tofauti ni kubwa, ila ruta nyingi zilizoko majumbani hazijapata toleo hilo.

Sasa kuna lile chaguo ambalo programu nyingi zinakuachia bila maelezo yoyote: OpenVPN UDP au OpenVPN TCP. Hapa ningeomba tukae kidogo, kwa sababu watu wengi wanateseka bila kujua.

TCP inahakikisha kila kipande cha data kimefika. Kikipotea inakituma tena, na ikiona upotevu unaendelea inapunguza mwendo. UDP inatuma tu; kikipotea kimepotea, na programu ya juu itajua la kufanya. Sasa ukifungua tovuti, mara nyingi mawasiliano hayo tayari ni TCP. Ukiyapitisha ndani ya VPN inayotumia TCP pia, unakuwa na TCP mbili, moja ndani ya nyingine, kila moja ikipima muda wake na wala haijui kwamba mwenzake yupo. Mtandao ukipoteza pakiti moja, ya nje inasimama na kuituma tena. Wakati huo ya ndani inaona majibu yanachelewa, inadhani data imepotea, nayo inatuma tena, na marudio hayo yote yanajipanga foleni nyuma ya TCP ya nje ambayo tayari imekwama. Kwenye mtandao safi mambo yanakwenda. Kwenye mtandao wa simu wenye mawimbi dhaifu kila kitu kinaganda sekunde kadhaa, kinashtuka, kinaganda tena. Mtu akinielezea hali hiyo namwambia abadilishe kwenda UDP kabla hajafanya jambo lingine lolote, na mara nyingi hapo ndipo tatizo linapoishia.

Mbona basi TCP ipo? Ipo kwa sababu ya mlango namba 443, mlango ukiwa ni namba inayoonyesha data ni ya huduma gani. Huo ndio mlango wa tovuti zote za HTTPS, na ni wachache wanaothubutu kuufunga. Kuna mitandao, hasa ya maofisini, hospitalini na hotelini, inayozuia UDP karibu yote na kuacha milango ya tovuti tu. Hapo OpenVPN TCP kwenye 443, au itifaki ya SSTP ya Microsoft kwa wenye Windows, inapita pale ambapo nyingine zimegonga ukuta. Itapita taratibu, lakini itapita.

IKEv2 inasemwa kidogo kuliko inavyostahili. Ilitoka mwaka 2005, na mwaka 2006 ikaongezewa kitu kiitwacho MOBIKE, kilichotengenezwa kwa ajili ya watu wanaotembea na vifaa vyao. Umuhimu wake unauona hivi: uko kwenye simu ya sauti kupitia intaneti, umeshika simu mkononi, unatoka ndani kwenda nje. Alama ya waifai inapungua, inatoweka, simu inahamia kwenye data. Anwani yako ya IP imebadilika. Kwa OpenVPN ya TCP hapo hakuna ujanja: muunganisho wa TCP umefungwa kwenye anwani, anwani ikibadilika umekufa, na lazima kutambuana kote kuanze upya. Aliye upande wa pili anasikia kimya, anasema haloo mara kadhaa, anakata. Kwa IKEv2 yenye MOBIKE simu inaiarifu seva kwamba imehamia anwani mpya, na kazi inaendelea na funguo zilezile. Unasikia sauti ikikatika nusu ya neno, basi. Nimelijaribu hili mara nyingi kwa makusudi, nikitembea mlangoni huku na huku, na kwa mtu ambaye kazi yake ni kuongea na watu akiwa njiani hiyo ni tofauti kati ya VPN anayoiacha imewashwa na VPN anayoizima.

Uzuri mwingine wa IKEv2 ni kwamba imo tayari ndani ya Windows, iPhone na Android za karibuni, kwa hiyo kwenye kifaa ambacho huruhusiwi kuweka programu bado unaweza kuitumia. Ubaya wake ni kwamba inategemea milango ya UDP namba 500 na 4500, inayojulikana na kila msimamizi wa mtandao duniani. Anayetaka kuifunga anaifunga kwa mstari mmoja.

Halafu kuna WireGuard, ambayo naipenda na sitaficha. Jason A. Donenfeld aliiwasilisha kwa wanasayansi mwaka 2017, na Machi 2020 ikaingia rasmi kwenye kerneli ya Linux, toleo la 5.6. Msimbo wake kwenye Linux wakati huo ulikuwa mistari kama 4,000. OpenVPN ina makumi ya maelfu, kabla hujahesabu maktaba ya usimbaji ambayo OpenVPN yenyewe inaitegemea. Hii inamgusa hata asiyejua kuandika programu. Mistari 4,000 mtaalamu mmoja anaweza kuisoma yote na kuielewa, na kasoro inakosa pa kujificha. Linus Torvalds mwenyewe, mwanzilishi wa Linux na mtu asiye mwepesi wa kusifu, aliiita mwaka 2018 kazi ya sanaa akiilinganisha na OpenVPN na IPsec.

Siri ya ufupi huo ni kukataa. Itifaki za zamani zinaruhusu pande mbili zijadiliane zitumie usimbaji upi kati ya orodha ndefu, na ni katika majadiliano hayo mashambulizi mengi yamezaliwa, pamoja na mipangilio mibovu isiyo na idadi. WireGuard haijadili. Ni Curve25519 kwa funguo, ChaCha20 na Poly1305 kwa data, BLAKE2s kwa heshi, kwisha. Siku ikigundulika kasoro kwenye mojawapo, litatoka toleo jipya na kila mtu atalazimika kuhama. Wapo wanaouona uamuzi huu kuwa mgumu mno. Mimi naona umewatendea haki watumiaji, kwa sababu umewaondolea kabisa nafasi ya kuchagua vibaya.

ChaCha20 ina faida nyingine kwenye simu za bei nafuu. AES, usimbaji unaotumiwa sana na wengine, ni wa kasi mno pale kichakataji kinapokuwa na maelekezo maalumu ya kuifanya. Vichakataji visivyo na maelekezo hayo vinahangaika, na mahangaiko hayo yanalipwa na betri. ChaCha20 haihitaji msaada huo. Ongeza na hili: WireGuard ikiwa haina data ya kutuma, inanyamaza kabisa. Haitumi salamu za kuonyesha kwamba ipo, isipokuwa uiambie. Kutambuana kwake ni pakiti mbili tu, moja ya baiti 148 na jibu la baiti 92, na kuhama kutoka waifai kwenda data hakuhitaji hata taarifa, kwa sababu seva inamtambua mtu kwa ufunguo wake, na anwani inayoikumbuka ni ile ambayo pakiti halali ya mwisho imetoka.

Kwa wanaopima bando: kila pakiti ya WireGuard inaongezewa baiti 60 kwenye IPv4. Kwa pakiti iliyojaa, ya baiti 1,420, hiyo ni kama asilimia 4. Lakini simu za sauti zinatumia pakiti ndogondogo. Kwenye pakiti ya baiti 160, baiti 60 za ziada ni zaidi ya theluthi. Ndiyo maana kuangalia video ukiwa ndani ya VPN hakubadilishi sana matumizi yako, ilhali maongezi marefu ya sauti yanaongeza kwa kiwango unachoweza kukiona.

Na hapohapo kwenye ukubwa wa pakiti ndiko lilikojificha tatizo linalowachanganya watu kuliko yote. VPN imeunganika, ujumbe mfupi unakwenda, lakini tovuti nyingine zinafunguka nusu na picha hazipakii. Pakiti ndogo zinapita. Kubwa, zikishaongezewa bahasha, zinazidi kipimo cha njia na zinatupwa kimyakimya. Kipimo hicho kinaitwa MTU. WireGuard kwa kawaida huanzia 1420. Kama programu yako inakuruhusu kuibadilisha, ishushe hadi 1280 na ufungue tovuti ileile tena. Ikifunguka vizuri, umepata mchawi wako, na sasa unaweza kupandisha taratibu mpaka uone inapoanza kukwama.

Hata hivyo WireGuard ina mahali isipofaa, na ni mahali penye watu wengi wanaoihitaji VPN kwa dhati: kwenye mitandao inayozuia VPN. Haikubuniwa ijifiche. Inatumia UDP peke yake. Pakiti yake ya kwanza ina urefu uleule kila siku, baiti 148, na inaanza na namba 1 ikifuatiwa na sufuri tatu. Kifaa cha kukagua mtandao hakihitaji akili nyingi kuitambua. OpenVPN nayo haijasalimika. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan na wenzao walionyesha mwaka 2022, wakishirikiana na mtoa huduma wa intaneti, kwamba wanaweza kutambua zaidi ya asilimia 85 ya mawasiliano ya OpenVPN. Kilichonishtua zaidi ni kwamba kati ya mipangilio 41 iliyouzwa kama ya kujificha, waliitambua 34.

Hapa ndipo ninapokasirishwa na jedwali za kulinganisha itifaki zinazopanga kila kitu kwa kasi. Mwandishi wa habari aliye kwenye mtandao unaochunguzwa hana shida na megabiti. Shida yake ni kama mwenye mtandao anaweza kuona kwamba anatumia VPN, hata kama haoni kilichomo. Kusimba na kujificha ni kazi mbili tofauti, na itifaki nyingi zinafanya ya kwanza tu. Mtu wa aina hiyo atafute huduma inayovalisha mawasiliano yake sura ya tovuti ya kawaida ya HTTPS, au zana zilizozaliwa kwenye mapambano hayo kama Shadowsocks, na akubali kwamba mwendo utapungua.

Jambo lingine la WireGuard ambalo ni haki mteja alijue: katika umbo lake la asili, kila mtumiaji anapewa anwani moja ya kudumu ndani ya VPN, na seva inashika kwenye kumbukumbu anwani ya IP ya mwisho aliyotokea. Kwa VPN ya ofisi hilo ni sawa kabisa. Kwa kampuni inayoahidi kwamba haihifadhi chochote kuhusu wateja, inabidi ifanye kazi ya ziada kuziba pengo hilo. NordVPN iliijengea NordLynx, itifaki yake iliyotokana na WireGuard, mfumo wa tafsiri mbili za anwani kwa sababu hiyohiyo. Kampuni yako ikikupa WireGuard, waulize wamelitatuaje. Jibu likiwa ni tangazo jingine la biashara, utakuwa umejua.

Mimi kwenye simu naacha WireGuard, na OpenVPN TCP ya 443 naiweka akiba kwa ajili ya mitandao inayobana.

Kuna hatari moja isiyotibika kwa kubadilisha itifaki. Mei 2024 watafiti wa Leviathan Security walitangaza shambulio walilolipa jina TunnelVision. Aliyeko kwenye mtandao mmoja na wewe anaweza kutumia DHCP, ule utaratibu unaokugawia anwani ya IP, kukipa kifaa chako maelekezo ya njia kupitia chaguo namba 121. Kifaa kinatii, na data inaanza kupita nje ya VPN huku programu ikiendelea kuonyesha kwamba umeunganika. Uwe kwenye WireGuard, OpenVPN au IKEv2, ni mamoja, kwa sababu data haifiki kwenye itifaki kabisa. Android haiguswi na shambulio hili, kwa kuwa haifuati chaguo hilo. Kwa hiyo ukiwa na kompyuta kwenye waifai ya watu wengi na una kazi nyeti, washa hotspot ya simu yako na uiunganishe kompyuta hapo. Anwani na njia zitatoka kwenye simu uliyoishika, na jirani wa meza ya pili hatakuwa na mahali pa kuingilia.